Alamu ya Moshi Ikianza Kulia Usiku, Usitoe Betri Ukarudi Kulala

Haya ni maneno niliyoongea kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa wetu hapa Dodoma. Wengi hamkuwepo, na waliokuwepo wameomba niyaandike, kwa hiyo nayaweka kama nilivyoyasema, nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu shikamooni, mama zangu, vijana, na nyie mliohamia juzi juzi kwa ajili ya kazi, mbukwenyi! Nashukuru kwa nafasi. Mimi ni fundi umeme, wengi mnanijua, nyumba zenu nimeingia kwa ajili ya soketi, feni, taa za nje, na siku hizi kuna simu za aina moja zinakuja sana, tena zinakuja saa nane za usiku: fundi, kuna kitu kinalia darini kila baada ya dakika, watoto hawalali, njoo. Nikifika asubuhi nakuta kile kidude cheupe cha duara kimeshashushwa, betri imetolewa imewekwa juu ya friji, na familia inaniambia fundi usihangaike, sasa hivi iko poa.

Hapana jamani, hapo haiko poa. Hapo ndo mmelala bila mlinzi, na ndo maana nimemuomba mwenyekiti nisimame leo.

Hivi vidude zamani tulikuwa tunaviona mahotelini na kwenye maofisi. Ila tangu serikali ianze kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, na Dodoma ikatangazwa kuwa jiji mwaka 2018, kumejengwa sana, maeneo ya Kisasa, Ilazo, Iyumbu, Nzuguni, maghorofa, hosteli, nyumba za kupanga, na baadhi ya wenye nyumba wanaweka alamu ya moshi kabisa, jambo zuri sana hilo na nawapongeza. Tatizo anayeiweka haachi maelekezo, mpangaji anaingia anakuta kitu darini kina kitaa chekundu kinachowaka na kuzima, hajui ni kamera au ni nini, mwaka mmoja miwili inapita, siku moja usiku kinaanza kusema pip.

Sasa tuelewane kwanza hiyo pip ni nini. Alamu ya moshi ina milio miwili tofauti kabisa. Mlio wa moshi ni mkali, unaumiza masikio na hauachi, kwa alamu nyingi unapiga mara tatu unapumua unapiga tatu tena, huo ukiusikia huulizi mtu, unaamsha watoto unatoka. Mlio wa betri ni pip moja fupi, inakaa kimya nusu dakika au dakika nzima, pip nyingine. Hiyo haisemi kuna moto, inasema nguvu zinaniisha. Ni kama LUKU tu, LUKU ikianza kulia kwamba yuniti zinaisha hakuna mtu anayeing'oa ukutani akaifunika na nguo, unashika simu hata kama ni saa sita usiku unanunua. Basi na hii dawa yake ni hiyo hiyo, unaipa inachokiomba.

Na hailii milele. Hili naomba mlishike maana watu wengi wanalielewa kinyume. Betri ikishaanza kuchoka alamu imewekewa akiba kidogo ya kukutaarifu, viwango vya Marekani vinataka iweze kulia angalau siku 7, vya Ulaya siku 30, baada ya hapo betri inakufa na yenyewe inanyamaza. Sasa wapo wanaosema sisi tuliiacha tu, ililia wiki mbili ikajipona yenyewe. Mama yangu, haikupona, imekufa, ipo pale darini haina kazi kuliko taa iliyoungua, maana taa iliyoungua angalau unaiona.

Mtu mmoja hapa ameniuliza kabla hatujaanza, mbona inalia usiku tu, mchana kukiwa na wageni inakaa kimya, na wengine wameshaanza kusema mambo ya ajabu ajabu kuhusu nyumba ile. Hakuna ajabu hapo, ni baridi. Betri inatoa umeme kwa kemikali zilizomo ndani, na kemikali zikipoa zinafanya kazi taratibu, umeme unatoka kwa shida. Na nyie mnaijua baridi ya Dodoma Juni na Julai, mchana jua linawaka unavua koti, alfajiri unatafuta blanketi la pili. Betri iliyochoka mchana inajikongoja, ikifika saa tisa saa kumi usiku nyumba imepoa, volti zinashuka chini ya kile kiwango alamu ilichopangiwa, inalia. Asubuhi jua likipiga bati na dari ikipata joto, volti zinapanda kidogo, inanyamaza. Unamwita fundi saa sita mchana, anasimama chini ya dari na ngazi yake, kimya, anakwambia mbona nzima. Kwa hiyo ikilia usiku mmoja tu hata kama asubuhi imenyamaza, hesabu kwamba betri imekwisha, usisubiri ilie tena.

Kuna dada mmoja nilienda kwake, alikuwa ameiviringisha alamu ndani ya sweta, sweta ameliweka kabatini, kabati amelifunga, na bado anasema alikuwa anaisikia kwa mbali. Betri yake ilikuwa ile ya mraba yenye vichwa viwili juu, ya volti 9, ile inayowekwa kwenye maikrofoni za kanisani. Akaniambia fundi betri hii nzima, nimeipeleka kwaya wameiweka kwenye maiki imefanya kazi vizuri, hii alamu ndo mbovu. Nikatoa mita nikamuonyesha. Betri mpya ya namna hiyo ukiipima inasoma kama 9 na nusu, ile yake ilisoma 7 na pointi, na alamu nyingi zinaanza kulalamika ikikaribia 7 na nusu. Maiki inatumia umeme mdogo mdogo, itaimba nayo jumapili hata mbili. Alamu inawaza siku ya moto, siku hiyo inatakiwa ipige king'ora kikubwa dakika nyingi mfululizo, na king'ora kinakula umeme mwingi kwa mpigo, kwa hiyo inajipima mapema na kukwambia ikiwa bado ina akiba. Hapo dada akaelewa, akasema kumbe haikuwa inanisumbua. Ndiyo, haikuwa inakusumbua.

Zile zinazotumia betri ndogo za kawaida zina ugonjwa mwingine, rimoti. Rimoti ya king'amuzi imekufa, mechi inaanza, kijana anapanda juu ya stuli anachomoa betri za alamu, anasema nitarudisha kesho. Vijana nawaomba sana, hizo msiziguse. Kama nyumbani kuna desturi ya kununua betri, nunueni za ziada mziweke droo moja inayojulikana na kila mtu.

Kwanini nalisemea hili kwa uchungu? Ukilala, pua nayo inalala. Ukiwa macho utasikia harufu ya waya unaoungua, ukiwa umelala moshi hautakuamsha, moshi wenyewe ndo unaokulaza zaidi maana una hewa ya sumu. Na moto wa siku hizi una haraka, masofa ni sponji, mapazia ni nailoni, magodoro ni yale yale, toka unaposhika mpaka chumba hakiingiliki unaweza kubaki na dakika mbili tu. Alafu angalieni nyumba zetu. Madirisha yote yana nondo. Mlango wa mbele una grili, grili ina kufuli, funguo ziko kwenye mfuko wa suruali ya baba au zimefichwa mahali kwa ajili ya wezi. Mimi mwenyewe nakubaliana na nondo, wezi wapo, ila mtu mwenye nondo na kufuli anahitaji kuamshwa mapema kuliko mtu yeyote duniani, maana ana kazi ya kutafuta funguo gizani ndani ya moshi. Zile sekunde alamu inazokupa ndo za kufungua kufuli.

Mnakumbuka Idodi, pale Iringa, Agosti 2009, bweni la wasichana likashika moto usiku watoto wamelala, wanafunzi 12 hawakutoka. Sisi hapa tumezungukwa na hosteli, watoto wa watu wamekuja kusoma, vyumba vina vitanda vya juu na chini, na jiko la umeme liko chini ya meza. Wenye hosteli mliopo hapa mmenisikia.

Wenzetu Marekani wanahesabu mambo haya miaka mingi, kuna shirika lao la kukinga moto, NFPA, linasema karibu vifo vitatu kati ya kila vitano vya moto wa majumbani vinatokea kwenye nyumba ambazo ama hazina alamu ama zinayo lakini haifanyi kazi. Na zile ambazo zipo zikashindwa kulia, sababu kubwa ni betri, imetolewa, imechomolewa, imekufa. Yaani mtu amenunua, amefunga, alafu akatoa betri kwa sababu ya kelele za usiku mmoja.

Haya, tufanye nini ikilia.

Kwanza jua ni ipi inayolia, maana pip ni fupi na nyembamba, sikio linadanganyika, unaweza kusema ya koridoni kumbe ya chumbani. Simama chini ya kila moja dakika nzima, utaona kitaa kinawaka sambamba na mlio. Ishushe, nyingi unazungusha kinyume na saa inatoka kwenye kitako chake. Tumia ngazi au stuli imara na mtu akushikie, msipande kiti cha plastiki juu ya kitanda, nimeshaona mtu amevunjika mkono. Kama ni ile iliyoungwa na umeme wa nyumba, zima kwanza breka yake pale kwenye mein swichi, na kama hujui breka ni ipi niite au muite fundi yeyote, usiguse waya.

Toa betri, alafu kabla hujaweka mpya bonyeza kile kitufe cha kupimia ukishikilie sekunde 15 mpaka 20. Hapa ndo siri ya wale wanaosema nimeweka mpya bado inalia, ndani kunabaki chaji kidogo na alamu inaendelea kukumbuka betri ya zamani. Ukishaachia, weka betri mpya uibane mpaka usikie imekaa, funga kifuniko, nyingine haifungi kabisa kama betri haijakaa sawa, wameitengeneza hivyo makusudi ili usijisahau. Bonyeza kitufe tena, ikipiga kelele mpaka mtoto akashtuka, umemaliza. Hicho kitufe kibonyezeni kila mwezi, chagueni siku mnayolipa kodi au siku ya vikoba, ilimradi ni siku ambayo huisahau.

Kuhusu betri yenyewe, hapa ndo watu wanapigwa. Angalia nyuma ya alamu pameandikwa inataka betri gani, nyingi zinataka alkalaini au lithiamu. Ukienda dukani ukasema nipe betri ya mraba utapewa ile ya bei ya chini, hevidyuti, jina linatisha lakini ndani ni ya zamani ile ya kaboni, inaisha haraka na baada ya muda mfupi uko tena juu ya ngazi. Sema neno alkalaini, soma kwenye betri yenyewe, angalia tarehe ya mwisho iliyopigwa chapa, na kama imekaa dirishani kwenye jua la Dodoma miezi mingi iache. Za kuchaji msiweke, zinaanzia na volti ndogo na zinajiishia zenyewe hata zikikaa, labda kama alamu yako imeandikwa inazikubali. Na zipo alamu zimefungwa na betri ya lithiamu ndani kwa ndani ya miaka 10, hizo huna cha kubadilisha, zikianza pip unanunua nyingine nzima. Kwa wenye nyumba za kupanga mimi nashauri hizo, kijana wa rimoti hapati kitu.

Ile betri ya mraba uliyoitoa usiitupe mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Vile vichwa viwili vimekaa karibu, chuma kikivigusa vyote kwa pamoja betri inapata moto, na betri hata ikiwa imechoka kwa alamu bado ina nguvu ya kuwasha karatasi. Bandika selotepu juu ya vichwa ndo uiweke pembeni.

Ikiendelea kulia na betri ni mpya na nzuri, basi geuza alamu usome tarehe ya kutengenezwa. Maisha yake ni miaka 10, baada ya hapo ile sehemu ya ndani inayohisi moshi haiaminiki tena, na nyingi zina mlio wao wa kusema nimezeeka. Hesabu kuanzia siku iliyotengenezwa kiwandani, siku uliyoinunua haihusiki, na mnajua vitu vingine vinafika kwetu vikiwa vimeshakaa stoo miaka. Nimeona nyumba mpya kabisa, rangi bado inanuka, alamu ndani ina miaka saba.

Alafu vumbi. Jamani vumbi la huku halina mfano, upepo ukianza Julai mpaka Oktoba kabla ya mvua, unafuta meza asubuhi jioni unaandika jina lako juu yake. Hilo vumbi linaingia kwenye vitundu vya alamu, na wadudu wadogo nao wanaona ni nyumba, buibui hasa. Ikijaa vumbi inaweza kupiga kelele za moshi wakati hakuna moshi, mwenye nyumba anachoka anaitoa. Chukua brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, pitisha kuzunguka vile vitundu, au ukiwa na vakyumu pitisha mdomo wake kwa nje, usimwage maji wala spirei ya mbu. Na mafundi rangi wakija wanaifunga na mfuko wa nailoni ili isichafuke, ni sawa, ila wakiondoka angalia kama wameutoa, nimekuta mfuko una zaidi ya mwaka.

Msiziweke jikoni juu ya sufuria, kaanga vitunguu tu italia, iweke kama mita tatu mbali na jiko, na moja iwe koridoni karibu na vyumba vya kulala. Feni nayo isiwe karibu maana inausukuma moshi.

Zilizozeeka msizibomoe wala msizichome na takataka nyuma ya nyumba. Baadhi zina chembe ndogo sana ya madini ya mionzi inaitwa amerisiamu, ikiwa imefungwa ndani haina shida kabisa na inakaa darini salama, lakini haitakiwi kuvunjwa wala kuvutwa kwenye moshi wa jalala. Na hiyo teknolojia ina historia yake tamu, kuna Mswisi anaitwa Walter Jaeger, miaka ya 1930 alikuwa anahangaika kutengeneza kifaa cha kugundua gesi ya sumu, kifaa kikagoma, akachoka akawasha sigara, moshi ukaingia na sindano ya mita ikacheza. Gesi hakuipata, akapata njia ya kuutambua moshi, na mpaka leo watu wanaamka salama kwa sababu ya hilo.

Kitu kingine nikigusie haraka maana baridi imeanza. Alamu ya moshi haioni ile hewa ya mkaa. Jiko la mkaa likiwa limekolea halina moshi, unalala nalo ndani ili chumba kipate joto, alamu iko kimya, na watu hawaamki. Kuna alamu nyingine kabisa ya hewa hiyo, mwenye uwezo anunue, lakini mwenye uwezo na asiye nao wote jiko liishie nje.

Zile zilizoungwa na umeme nazo zina betri ndani kwa ajili ya umeme ukikatika, kwa hiyo usiseme yangu ni ya umeme hainihusu. Umeme ukikatika tunawasha mishumaa, na huo ndo usiku ambao alamu inategemea betri peke yake.

Mwenyekiti ameniambia nimalizie na swali la nani anunue betri, maana limeshagombanisha watu hapa. Mimi sio mwanasheria, nasema ninavyoona kama fundi. Alamu yenyewe ni mali ya nyumba, ikizeeka mwenye nyumba aibadilishe, na ampe mpangaji betri mpya siku anayomkabidhi funguo. Ikiisha katikati ya mkataba mpangaji anunue tu usiku huo huo au kesho yake asubuhi, wakatane mbele ya safari kwenye kodi au wasikatane, hiyo sio hela ya kusubiriana wiki tatu watoto wamelala chini ya alamu iliyokufa. Wenye nyumba, mpangaji akiwapigia kuhusu hii pip msimwambie itoe betri. Nawaomba kabisa hilo.

Namba ya zimamoto ni 114, ni ya bure, iandikeni nyuma ya mlango hata watoto waione, na mkitoka nje msirudi ndani kufuata simu wala tivii, pigeni mkiwa nje.

Nje pale kwenye kivuli cha mwembe nina ngazi, mita na brashi. Aliyekuja na alamu yake aje tusome tarehe ya nyuma na tupime betri, sichukui hela yoyote leo. Wazee ambao hamuwezi kupanda juu kuitoa, mpeni katibu jina na nyumba, nitapita na kijana wangu nyumba kwa nyumba kuanzia Jumatatu jioni.